Picha za mandhari za rangi za maji za Uingereza na wachoraji wake wa ridhaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu nianze kukusanya hizi picha ndogo ndogo huku Exeter, mji wa Devon kusini magharibi mwa Uingereza, maswali ni yaleyale, kwenye simu, kwenye magrupu, hata harusini mtu anakuvuta pembeni anakuuliza. Nimeona bora niyaandike yote sehemu moja. Mi sio msomi wa sanaa, nazipenda tu, nimezisoma miaka mingi na nimekaa nazo mezani na kioo cha kukuzia usiku kucha, na kuna jambo moja nalishikilia utaliona linarudi rudi humu: hawa wachoraji wa ridhaa ndo walikua wanalipa ada, wananunua rangi na kutunza picha, na bila wao majina makubwa mengi ya sanaa hii yangelala njaa.

Rangi za maji ndo zipi hasa?

Ni rangi iliyosagwa ikawa unga laini sana alafu ikashikanishwa na gundi inayoyeyuka kwenye maji. Hiyo gundi inaitwa gamu arabiki, ni utomvu wa migunga, inatoka Sudan na ukanda ule wote wa chini ya Sahara mpaka Senegal, yani mawingu ya Kiingereza unayoyaona makumbusho yameshikiliwa na utomvu wa miti ya Afrika, na kila nikilikumbuka hilo nafurahi upya.

Unachovya brashi, unapaka mpako mwembamba, karatasi inaonekana kwa chini. Mwanga unapita kwenye rangi, unagonga karatasi nyeupe, unarudi machoni kwako, ndo maana picha nzuri inaonekana kama ina taa ndani. Rangi ya mafuta ukikosea unafunika juu yake maisha yanaendelea, hii ukikosea imekula kwako. Na nyeupe kabisa haipakwi, nyeupe ni karatasi yenyewe uliyoiacha bila kuigusa, kwahiyo mchoraji anatakiwa ajue kabla hajaanza ni wapi hatapaka. Hilo peke yake linataka miaka.

"Mchoraji wa ridhaa" maana yake ni mtu asiyejua vizuri?

Hapana, na hapa ndo watu wengi wanapotea. Fikiria ngumi za ridhaa. Bondia wa ridhaa anaweza kukulaza chini raundi ya kwanza, tofauti yake ni kwamba hapigani kwa pesa. Ndo hivyohivyo huku. Uingereza ya miaka ya 1700 na mwanzoni mwa 1800 mtu wa familia yenye heshima kuuza picha ilikua kama kujishusha, kwahiyo alichora, akawapa ndugu, akaweka kwenye albamu, basi.

Mfano ninaoupenda kuliko wote ni wa hapa hapa Exeter, John White Abbott, aliyezaliwa 1763 akafariki 1851. Kazi yake ilikua udaktari wa upasuaji na dawa. Mwaka 1791 alisafiri mpaka Scotland na Lake District, lile eneo la maziwa na milima kaskazini mwa Uingereza, akichora njia nzima, na picha zake za misitu ya Devon, zenye mistari myembamba ya kalamu na rangi iliyotandazwa tulivu juu yake, ukiziona huwezi kuamini huyu mtu kesho yake asubuhi alikua anaenda kuona wagonjwa. Alionyesha kazi zake Royal Academy, chama kikubwa cha wasanii kule London, na kwenye orodha yao watu kama yeye waliandikwa kama waonyeshaji wa heshima, yani hajaja kutafuta riziki.

Wapo wengine wengi. Sir George Beaumont alikua tajiri, anachora, na picha za zamani alizokua nazo zikawa sehemu ya mwanzo wa National Gallery, jumba la picha la taifa. William Gilpin alikua mchungaji wa kijiji cha Boldre kwenye New Forest, na michoro yake ilikuja kuuzwa ili pesa isaidie shule ya watoto wa kijijini kwake. Maofisa wa jeshi, mapadri, mabinti wa wenye benki, madaktari. Ukiondoa hawa, historia ya rangi za maji inabaki nusu.

Kwanini Uingereza, na kwanini kipindi kile?

Sababu ni nyingi ila mi naanza na jeshi. Baada ya uasi wa Scotland wa 1745 serikali ilitaka ramani ya kule juu, na mmoja wa vijana waliochukuliwa kuchora alikua Paul Sandby, mzaliwa wa Nottingham. Kutoka kuchora ramani akawa anachora na mandhari yenyewe, vilima, ngome, watu wanapita barabarani, na 1768 akawa mwalimu mkuu wa kuchora kwenye chuo cha jeshi cha Woolwich, akakaa hapo mpaka 1796. Kwanini jeshi lifundishe kuchora? Kwasababu kamera haikuwepo! Ofisa anatakiwa aweze kuangalia bonde, mto na boma la adui alafu arudi na karatasi inayoeleweka. Kwahiyo kwa miaka karibu thelathini kila kijana wa mizinga aliyepita pale alitoka anajua kushika brashi, na akistaafu anaendelea kuchora kijijini kwake.

Alafu likaja la utalii. Huyo mchungaji Gilpin alisafiri kwa mashua mto Wye mwaka 1770, akatoa kitabu 1782 akieleza namna ya kuangalia mandhari kama unaangalia picha: mbele pawe na giza kidogo, katikati maji, nyuma vilima vya kufifia. Watu wakamfuata kwa makundi. Wengine walibeba kioo kidogo cheusi chenye mgongo uliobinuka, unaipa mandhari mgongo unaitazama kwenye kioo, rangi zinapoa na kila kitu kinakaa ndani ya duara kama picha tayari. Yani mtu amesafiri siku tatu kuja kuona mlima alafu anaugeuzia mgongo. Ila mi nawaelewa, ni watu waliokua wanajifunza kuona.

Na vita. Kuanzia 1793 mpaka 1815 Uingereza na Ufaransa walikua vitani karibu muda wote, safari za kwenda Italia zikawa ngumu, wenye pesa zao wakageukia Wales, Lake District, Yorkshire, Devon. Nchi yao wenyewe ikawa ndo safari.

Nani alikua anawafundisha?

Hili ndo swali ambalo napenda kuulizwa na naomba unisikilize vizuri, kwasababu jibu lake linageuza hadithi nzima.

Waliofundisha ni hao hao unaowaona leo ukutani makumbusho. Alexander Cozens alifundisha watoto wa wakubwa shule ya Eton, na ana njia yake ya ajabu ya kuanza na madoa ya wino yaliyopakwa haraka haraka karatasini alafu unatafuta mandhari ndani yake. John Varley alikua na wanafunzi London hawahesabiki. David Cox, mtoto wa Birmingham, alihamia Hereford mwaka 1814 kufundisha shule ya wasichana kwa paundi 100 kwa mwaka, akakaa kule mpaka 1827 akizunguka nyumba kwa nyumba na masomo, na vilima vya mpaka wa Wales vilivyomfanya kuwa Cox tunayemjua alivichora katikati ya ratiba hiyo ya ualimu.

Ila chukua John Sell Cotman wa Norwich. Picha yake ya daraja la mto Greta, ipo British Museum, wengi wanaihesabu kati ya picha bora kabisa za rangi za maji zilizowahi kuchorwa Uingereza, na mi ni mmoja wao: jiwe, maji, mti, kila kimoja kipande kimoja cha rangi tulivu kilichokatwa kama kwa mkasi. Alifikaje pale mwaka 1805? Alikua anakaa Brandsby, Yorkshire, kwenye nyumba ya familia ya Cholmeley, akifundisha mabinti wa nyumba kuchora. Hao ndo waliomtambulisha kwa wenyeji wa eneo la Greta. Yani ile picha imezaliwa kwasababu kulikua na mabinti wanataka kujifunza kuchora na mama yao yupo tayari kulisha mwalimu. Na 1812 akahamia Great Yarmouth kumfundisha mke na mabinti wa Dawson Turner, mwenye benki na mpenzi wa mimea, miaka mingi kazi ni hiyo.

Cotman mwenyewe hakuifurahia sana kazi ya ualimu, alikua na huzuni nzito zinazomjia kwa vipindi, na mtu mwenye kipaji kile kurekebisha miti ya wanafunzi kila siku si jambo jepesi. Sikatai. Lakini hela ya mkate ilitoka hapo, kwasababu wanunuzi wa picha zake walikua wachache mno.

Wanawake walikuwepo?

Walikua wengi sana, huenda kuliko wanaume, na ndo waliosahaulika zaidi. Msichana wa familia yenye uwezo alifundishwa kuchora kama alivyofundishwa piano na Kifaransa. Wengi wakaacha walipoolewa. Wengine hawakuacha mpaka kufa.

Amelia Long, ambaye baadae akawa Lady Farnborough, alifundishwa na Thomas Girtin, na kama humjui Girtin, huyu ndo kijana aliyeacha ule mtindo wa zamani wa kuchora kwanza vivuli vya kijivu alafu kuweka rangi juu kidogo kidogo, akawa anapaka rangi yenyewe moja kwa moja, nene na ya uhakika. Alifariki 1802 akiwa na miaka 27 tu. Ukiangalia miti ya bustani ya Amelia kule Bromley Hill, Kent, unamwona mwalimu wake ndani, mkono wa marehemu unaendelea kwa mwanafunzi.

Hao mabinti wa Dawson Turner niliowataja, wao na mama yao walichora makanisa, madirisha, makaburi na majumba ya Norfolk kwa maelfu, kwa ajili ya nakala ya baba yao ya historia ya mkoa huo, na kazi hiyo saivi ipo British Library. Baadhi ya vitu walivyochora vimeshabomolewa au vimefanyiwa ukarabati mpaka havitambuliki. Mtu akiniambia hiyo ilikua michezo ya mabinti wasio na kazi nakasirika kabisa, nasema wazi.

Na Malkia Victoria mwenyewe alikua mchoraji wa ridhaa. Mwaka 1846 alipata masomo kwa mchoraji Edward Lear, alafu mchoraji mwingine, William Leighton Leitch, akamfundisha kwa miaka karibu 20. Vilima vya Balmoral, kule Scotland, amevichora mara nyingi, na sio vibaya. Mfalme Charles wa saivi naye anachora, picha zake ziliwekwa kwenye stempu za posta 1994.

Walitumia vifaa gani?

Mwanzo ilikua shida, unasaga rangi mwenyewe. Alafu William Reeves akatengeneza rangi kwenye vipande vigumu kama keki ndogo za sabuni, unasugua na maji kwenye kisahani, na 1781 yeye na ndugu yake walipewa tuzo na Society of Arts. Sasa mtu anaweza kubeba boksi mfukoni. Mwaka 1832 William Winsor na Henry Newton wakafungua duka Rathbone Place, London, wakaleta rangi laini zilizotiwa gliserini ambazo hazihitaji kusuguliwa sana, na 1846 wakaanza kuziuza kwenye tyubu. Viwanda hivi vyote viliwategemea watu wa ridhaa, kwasababu wataalamu wa kulipwa walikua wachache, huwezi kuendesha kiwanda kwa wateja mia mbili. Na mtaalamu akafaidi rangi nzuri iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la binti wa mchungaji.

Karatasi nayo. James Whatman wa Kent ndo alianza miaka ya 1750 kutengeneza karatasi isiyo na ile mistari mistari, nyororo, ngumu, iliyopakwa jelatini, unaweza kuilowesha, kuikwaruza kwa kisu kupata mng'ao wa maji, kuifuta kwa sponji, haichaniki.

Mkuu, nimeokota picha duka la hisani, haina saini. Ntajuaje kama ni ya ridhaa au ya mtaalamu?

Pole pole. Kwanza itoe kwenye fremu, ila kwa uangalifu, na soma KILA KITU cha nyuma. Jina, tarehe, namba, hata maandishi ya pensili yaliyofutika, weka tochi kwa pembeni yataonekana. Naandika kwa herufi kubwa kwasababu nishaumia: nilipeleka picha moja kwa fundi fremu, nzuri, ya mto wenye mierebi, akabadilisha kila kitu na ile karatasi ya nyuma yenye mistari minne ya mwandiko wa zamani akaitupa, nikaenda kuikuta pipa lishachukuliwa. Sikua nimeipiga picha. Yule mtu wa mtoni sitamjua tena.

Pili, ishike mbele ya dirisha utazame alama ya maji ndani ya karatasi. Ukiona J WHATMAN na mwaka umepata kitu, kwasababu kuanzia 1794 viwanda vilianza kuweka mwaka kutokana na sheria ya ushuru. Ila kumbuka mwaka huo ni wa karatasi, sio wa picha. Karatasi ya 1801 inaweza kukaa kabatini ikachorwa 1815, haiwezi kuchorwa 1799.

Tatu, na hili wengi hawalijui: wanafunzi walifundishwa kwa kunakili. Mwalimu anachora, mwanafunzi anarudia. Kule London duka la Rudolph Ackermann barabara ya Strand lilikua linaazimisha michoro ya kunakiliwa, na Cotman alipokua Norwich mwaka 1809 alitangaza michoro 600 ya kuazima kwa wanaojiandikisha, kama maktaba. Kwahiyo picha inayofanana kabisa na Cox au Cotman huenda ni ya mwanafunzi wake aliyenakili jumanne mchana. Angalia mistari: anayenakili anakwenda pole pole, mkono unasita. Anayebuni anakimbia.

Na usiogope kubaki na "sijui ni nani". Asilimia kubwa ya nilizonazo ni hivyo.

Zina bei gani?

Inategemea jina kabisa. Picha ya mlima Rigi wa Uswisi ukiwa wa buluu, ya Turner, mchoraji maarufu kuliko wote wa Uingereza, ya 1842, iliuzwa mnadani mwaka 2006 kwa paundi milioni 5.8, karatasi moja. Wakati huohuo picha ya mtu wa ridhaa asiyejulikana, ya miaka 200, unaweza kuipata kwenye mnada mdogo au kwenye masoko ya jumapili watu wanapouza vitu nyuma ya magari kwa bei ya chakula cha mchana. Ukitaka kuwekeza nenda kanunue kiwanja. Nunua kwasababu umeipenda.

Turner naye alikua wa ridhaa?

Hapana, mtoto wa kinyozi, alitafuta riziki kwa brashi tangu utoto. Lakini hata yeye kapita mikononi mwa mtu wa ridhaa. Dr Thomas Monro, daktari wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bethlem, alikua anachora mwenyewe kwa wino na mkaa, na nyumbani kwake jioni aliwakusanya vijana wanakili michoro, hasa ya John Robert Cozens aliyekua mgonjwa wake. Girtin anachora mistari, Turner anapaka, kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 4 usiku, na Turner akilipwa shilingi 3 na peni 6 kwa usiku mmoja. Vijana wawili wa miaka kama ishirini hivi, mezani kwa daktari, wanajifunza kwa kazi za mgonjwa. Natamani ningekuwepo hata kuwashikia taa.

Mbona kwenye picha yangu anga ni la pinki?

Huenda halikua la pinki. Wachoraji wengi walichanganya indigo na nyekundu ya udongo kupata kijivu cha mawingu. Indigo inaliwa na mwanga, nyekundu ya udongo haiondoki. Miaka 50 ukutani karibu na dirisha, kijivu kinaondoka unabaki na wekundu peke yake. Ukiinua ile karatasi ngumu inayozunguka picha unaweza kukuta ukingo uliofichwa bado ni wa buluu kama jana, inauma sana kuona.

Watu waligombana juu ya hili mpaka serikali ikaagiza uchunguzi, na ripoti ya wanasayansi Russell na Abney ya 1888 ikaonyesha wazi kuwa mwanga unazimaliza rangi kadhaa. Ndo maana makumbusho yanaweka taa hafifu na kuzirudisha picha stoo baada ya miezi michache, sio uchoyo. Edinburgh wana picha 38 za Turner walizoachiwa na Henry Vaughan mwaka 1900 kwa masharti kwamba zionyeshwe mwezi januari, mwanga ukiwa dhaifu kuliko wakati wowote, na bila kiingilio. Mpaka leo januari watu wanapanga foleni kwenye baridi ile. Aliyezipenda hivyo alizijua.

Nizitunzeje basi?

Usiweke ukuta unaopigwa na jua, usiweke bafuni wala jikoni, karatasi inayozunguka picha iwe isiyo na asidi, kioo kisigusane na rangi. Madoa ya kahawia kama ya chai yanatokana na unyevu na karatasi mbovu, USIJARIBU kuyatoa mwenyewe na jiki au maji, mpelekee mtaalamu wa kutengeneza karatasi. Nyingine weka kwenye boksi uzitoe jioni moja moja. Wao wenyewe waliziweka kwenye albamu, ndo maana za albamu zimebaki na rangi zake.

Naweza kuziona wapi?

London ukiweza nenda chumba cha kusomea michoro cha British Museum, unapanga miadi, bure, wanakuletea boksi mezani unaona Cotman au Girtin pua kwa pua bila kioo. Mara ya kwanza nilitetemeka. Pia Victoria and Albert Museum na Tate Britain. Cotman nenda Norwich Castle, mkusanyiko mkubwa ulitoka kwa ukoo wa Colman, wale wa haradali. Kwa Towne na Abbott njoo Exeter, Royal Albert Memorial Museum.

Na huyo Francis Towne nimwongelee kidogo, nilikua nimemsahau kwenye walimu. Alifundisha kuchora hapa Exeter maisha yake mengi, Abbott alikua mwanafunzi wake, Royal Academy hawakumpa uanachama pamoja na kuomba mara nyingi. Michoro yake ya Roma aliiachia British Museum 1816. Alafu akasahaulika miaka mia. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtafiti Paul Oppé akaja kukuta rundo la kazi zake nyumba moja hapa nje ya Exeter, kwa familia ya Merivale, ukoo wa mwanafunzi wake wa zamani. Umeona? Taasisi zilimkataa, mwanafunzi akamtunza. Leo watu wanamweka karibu na wakubwa wote.

Ukiwa mbali, kuna tovuti ya Watercolour World, imeanza 2019, inakusanya picha za rangi za maji za kabla ya 1900 za dunia nzima, bure, unatafuta kwa ramani.

Walichora na kwetu Afrika Mashariki pia?

Ndiyo, japo wengine sio Waingereza hasa. James Augustus Grant, Mskoti, ofisa wa jeshi, alitoka Zanzibar na mvumbuzi Speke mwaka 1860 akachora njia nzima, watu, mimea, makazi, na alipougua mguu akabaki Karagwe kwa mfalme Rumanika miezi kadhaa akiendelea kuchora. Picha zake zipo maktaba ya taifa ya Scotland. Harry Johnston, mzaliwa wa London aliyesomea uchoraji, alikuja Kilimanjaro 1884, akachora, na safari hiyohiyo akawatilisha machifu saini kwenye mikataba. Baadae ndo huyo aliyeweka saini mkataba wa Buganda wa 1900. Kwahiyo brashi na mkataba vilikaa mfuko mmoja, na mi naziangalia picha zile kwa macho mawili: nafurahi kuuona mlima wetu ulivyokua, na nakumbuka ofisa alifundishwa kuchora bonde kwa sababu gani.

Nataka kuanza kuchora mwenyewe, nianzie wapi?

Rangi sita zinatosha, karatasi nzito, brashi moja nene inayochonga ncha vizuri. Tenga pesa kwenye karatasi kuliko kwenye rangi. Anza na anga, loweka karatasi, weka rangi, alafu ACHA. Kuharibu kwingi kunatokana na kugusagusa ikiwa haijakauka. Toka nje, chora kilekile mara kumi, mti wa jirani, kona ya barabara. Walimu wa kale walifundisha hivyo na hakuna njia ya mkato.

Shangazi yangu anauliza: kwanini unahangaika na picha za watu usiowajua hata majina?

Shangazi, shikamoo. Ninayo moja ndogo kama bahasha, daraja la mawe la Devon, maji ya kahawia yamejaa, na upande wa kushoto mti umepakwa haraka haraka. Nyuma kwa pensili kuna tarehe tu, Oktoba 9, hakuna mwaka, na maneno yanayosema mvua ilianza ikabidi waache. Ukiiangalia anga kwa kioo cha kukuzia kuna vidoa viduara vitano ambapo rangi imesukumwa pembeni. Ni matone ya ile mvua yenyewe.